Sufuria kwa Modest, Mfuniko kwa Gidion

Ondoa hiyo simu sikioni kwangu, Judica, kabla haijadumbukia kwenye unga. Muuguzi ameshakata, na aliyoyasema nimeyasikia: madaktari wageni wamefika hospitalini, jina langu limo, kesho asubuhi niwe pale mapema huu uvimbe wa tumboni utolewe. Nimeingoja habari hiyo tangu mahindi hayajapandwa, nayo imekuja nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Sawa. Nenda kaite kaka zako, Modest na mkewe, na Gidion, wote, waambie mama yao anataka kutoa wosia. Na usilie njiani, maana watu wa Nambis wakikuona unalia wataanza kubeba viti kuja huku.

Marahaba. Marahaba. Marahaba, Violeth, ingia mwanangu, funga mlango, baridi inaingia. Modest kaa upande huu wa moto na Gidion upande ule, kama kawaida yenu. Baba Modest, wewe baki hapo hapo ulipo, nikuone.

Nisikilizeni, wanangu, maana kesho nitachomwa sindano ya usingizi, na usingizi wa kuchomwa mtu hapangi mwenyewe ataamka saa ngapi. Unasemaje, Violeth? Nisiseme hivyo? Nisiposema leo nitasema lini, mwanangu, wakati nina mipira puani? Najua wengi wanarudi, Perpetua jirani yetu alitolewa wa kwake na sasa anapanda kilima na ndoo kichwani. Lakini baba yangu mzazi aliondoka bila kusema neno, na mpaka leo wajomba zenu wanagombania panga. Panga lenyewe halina hata mpini. Mimi siachi panga.

Naanza na vidogo. Chekeche hii ni ya Perpetua, irudisheni kesho, ameiulizia mpaka amechoka. Vitenge vyangu vipya ni vya Violeth, na kile kilichoungua na pasi ndicho mtakachonizikia, hakuna haja ya kupeleka kizuri ardhini. Judica, kuku wote ni wako isipokuwa jogoo. Jogoo achinjwe hata kama nitarudi mzima, kwa sababu anawika saa ambayo hata Mungu amelala. Baba Modest, wewe nakuachia redio na amri moja: chupa ukiikuta ndani ya pipa la unga, hiyo si yako, ni ya mkate. Usicheke. Wanangu, baba yenu Hhando ni mtu mwema, hajawahi kuniinulia mkono, lakini bia akiiona imekaa peke yake anaionea huruma.

Sasa kubwa. Kubwa ni hii sufuria.

Mnatazama chini kwa sababu mnajua ninakokwenda. Hamjasemezana nyinyi wawili tangu mvua za mwaka juzi, mlipogombania nani alime kwanza. Baba yenu aliwapa maksai mmoja mmoja, akijua maksai mmoja hawezi kuvuta plau, akafikiri mtalazimika kuwafunga pamoja. Mkafanyaje? Kila mtu akalima kwa jembe la mkono mpaka mgongo ukapinda, na maksai wakabaki zizini wanacheua. Wamenenepa wale ng'ombe! Watu wanatoka mpaka Masieda kuja kuuliza tunawalisha nini. Tunawalisha ugomvi.

Lakini kila Jumapili, misa ikitoka, mnakuja hapa wote wawili kwa sababu ya mkate wangu. Mnakaa kila mtu na ukuta wake, mnachukua kwenye sufuria moja, na Modest akitaka chai anasema, "Judica, mwambie huyo asogeze birika." Huyo! Mtu uliyelala naye shuka moja mpaka mkaota ndevu. Mimi nimevumilia, kwa sababu angalau mnakula pamoja na mimi nawaona. Sasa nikiondoka, mkate unaondoka, na mkate ukiondoka sioni kitu kingine cha kuwaingiza nyinyi wawili kwenye mlango mmoja isipokuwa msiba, na msiba wenyewe utakuwa wangu, hata sitawaona. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Kisu cha daktari sikiogopi sana, nimewazaa nyinyi.

Kwa hiyo andikeni moyoni: sufuria ni ya Modest, mfuniko ni wa Gidion.

Ee, mfuniko peke yake. Mnashangaa nini? Baba yenu alitaka kuwapatanisha kwa ng'ombe, akakosea, kwa sababu mtu akikosa ng'ombe leo, njaa yake inakuja baada ya miezi. Mkate unanukia leo na njaa inauma leo. Sufuria bila mfuniko haioki, na mfuniko bila sufuria ni wa kufukuzia kuku. Na msije mkanunua vingine dukani kwa Wolfgang, nimeshampigia simu wakati nawasubiri. Ameahidi hatawauzia.

Na leo mtauoka nyinyi, nikiwatazama. Modest, nawa mikono. Nawa na kucha. Humu kuna unga wa ngano vikombe vinne, nimeshachekecha na baking poda vijiko vinne vya chai, kijiko kimoja cha chumvi kisichojaa, na sukari vijiko vitatu vikubwa. Hamira haimo. Hamira inataka mtu akae aingoje iumuke, na mimi sijawahi kuwa na mchana wa kungoja kitu kiumuke, kwa hiyo kazi hiyo nawaachia baking poda na bia. Chupa iko kwenye pipa. Ifungue sasa hivi, bia ya kufunguliwa mapema imekufa. Mimina taratibu, povu liingie kwenye unga lisiende sakafuni... Baba Modest, kaa chini. Yote, Modest, chupa yote. Sasa koroga kwa mwiko, usikande, hii si chapati. Ukiona hakuna unga mkavu, acha. Hayo mabonge madogo yaache, yatajimaliza yenyewe. Violeth, usimsaidie, wewe unajua kupika, anayerithi ni yeye.

Paka sufuria samli, mpaka kwenye kingo. Mimina. Sawazisha juu. Hapo.

Gidion, makaa. Machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ukigeuza hesabu hiyo unapata mkate mweusi chini na uji juu, na huo mtampa jogoo kabla hajachinjwa. Na mfuniko haufunuliwi kila mara kama dirisha, majivu yanaingia na mkate unakaa chini unanuna. Anayesikiliza sufuria ni Modest, anayeshika moto ni Gidion. Chini kukianza kuungua, Modest atamwambia Gidion. Kwa mdomo. Hapana, Judica hatumwi. Judica, kaa.

Tuuache ufanye kazi yake. Na mimi nikae kidogo, tangu alfajiri sijakaa.

Kama mtu atawasumbua kwamba mkate huu una pombe, mwambieni moto unaondoa ukali wote, unabaki utamu. Katekista Nikolausi alikula vipande viwili hapa, akauliza umewekwa nini, nikamwambia bia. Akatazama juu, akafunga macho, nikajua sasa natengwa na kanisa. Akaomba cha tatu.

Mnasikia harufu? Mimi naisikia. Modest, nawe unaisikia, pua hiyo nimekupa mimi. Ule upande wa chini umeanza kushika. Mimi sisemi. Baba yenu hasemi. Ukiungua, leo tunalala njaa wote sita, na mimi kesho naingia kwa daktari nimelegea kwa njaa, na daktari atauliza sababu, na sababu nitamtajia majina. Nangoja. Bado nangoja.

Haya! Umesema. "Punguza chini." Maneno mawili tangu mwaka juzi. Na wewe Gidion umejibuje? "Ungesema mapema, we bwege." Vizuri sana. Endeleeni hivyo hivyo, na matusi nayo ni maongezi. Modest, mjibu, usimwache hivyo. "Bwege ni wewe uliyejaza makaa kama unachoma nyama." Sikiliza hiyo, Baba Modest, sentensi nzima! Na sasa wanacheka. Msinitazame mimi, tazameni moto.

Chomeni njiti safi katikati. Ikitoka na unga, bado. Ikitoka kavu, ipueni. Imetoka kavu? Gidion, ondoa makaa yako kwanza, ndipo Modest aipue sufuria yake. Mnaona? Hata kuutoa kunahitaji watu wawili.

Judica, kata. Vipande sita, vilivyo sawa, na maharage yako kwenye chungu.

Baba Modest anasema baraka za kwetu hazishiki bila pombe, mzee anywe kidogo, awapulizie wanawe, nao waitikie. Ni kweli, mume wangu, ndivyo tulivyobarikiwa sisi. Lakini chupa ilikuwa moja na yote imo humu, kwa hiyo leo baraka itatafunwa. Shikeni vipande vyenu. Mungu awape mvua yenye akili. Awape maksai wanaokubali nira na wenye maksai wanaokubaliana. Awape... watoto wasiowafanyia mlivyonifanyia mimi. Itikieni basi. Judica apate mume asiyehitaji kufichiwa chupa. Violeth apate... nilikuwa nasema nini? Violeth apate mapumziko. Hicho kiti cha kuegemea, Gidion, nisogezee. Aah. Nimekaa vibaya, nikikaa hivi siinuki.

Gari la Maximilian linapita alfajiri, mtanisindikiza wote wawili. Mmoja abebe begi, mwingine... abebe blanketi. Mkirudi, mkalime. Wale ng'ombe wananitia aibu.

Ngoja nihesabu. Baba Modest, yupo, anakula. Modest yupo. Violeth. Gidion. Judica, huyo. Watano. Vipande ni sita... nani bado hajafika? Nani yuko nje na baridi hii, jamani, mfungulieni... Mnacheka nini?

Mimi? Haya, mimi nipo. Nihesabuni, nipo. Napumzisha macho tu. Changu kirudisheni sufuriani... na wewe Gidion, funika.