Aliyengoja Getini kwa Niaba Yetu

Bw. Felisian Luhende, karani wa mizani katika kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bunda, anastaafu tarehe 30 Juni 1999 baada ya miaka ishirini na mitano ya kazi. Kiti chake ni kipya mpaka leo kwa sababu hakikaliwi. Akipima pamba anatembea, akinywa chai anatembea, na kikao kikirefuka utamkuta mlangoni ameshika kofia.

Mwaka 1993 bosi kutoka makao makuu alisimama uani akatangaza kwamba ajira zetu ziko "in abeyance", kisha akapanda gari akaenda zake. Felisian, tegemeo letu kwa kila jambo la Kizungu, akatafsiri papo hapo: mapumziko mafupi. Tukamwamini. Kila asubuhi tukawa tunakaa getini tusije tukakosa majina yakiitwa, huku mvua za vuli zinanyesha na mashamba yetu ya Guta yanaota nyasi.

Neno lile likamnyima usingizi. Akaendesha baiskeli mpaka misheni ya Nyegina, safari ya kutwa nzima, akaomba kamusi kubwa ya mapadri. Alirudi na maelezo kamili. Asili yake ni Kifaransa cha kale, kuachama kinywa kwa kutamani. Wanasheria wa Kiingereza walilitumia kwa ardhi au cheo kilichokosa mwenyewe, mpaka apatikane mwenye haki. Kwa hiyo kazi zetu zilikuwa zimesimamishwa tu, hazijafa, wala hakuna aliyejua zitarudi lini. Akakiri mbele ya wote kwamba alikosea, akatuhimiza tukapande.

Hatukuondoka. Mama Wankyo wa ghalani ndiye aliyesema tulichokiogopa: "Mimi nikienda shamba ndo siku hiyo geti linafunguliwa. Bahati yangu inakuwaga hivyo."

Felisian akasema basi atabaki yeye. Mtu asiyeweza kusubiri chai ichemke alizunguka mbele ya geti lile wiki baada ya wiki, kutwa. Sisi tulipanda mahindi na mtama. Shamba lake halikuguswa na jembe. Mkewe Tereza alinuna, na alikuwa na haki ya kununa.

Kiwanda kiliuzwa, na mmiliki mpya alipofungua geti, Felisian alifika Guta anahema, akaita majina yetu kati ya mahindi. Hakuna aliyekosa kazi.

Bw. Felisian, asante sana. Tunakuombea afya njema na siku za raha, wewe na Mama Tereza. Mwaka ule sisi tulivuna, wewe hukuvuna. Safari hii nenda kapande mapema. Getini tutakaa sisi.