Kundi B kwa Mgonjwa wa Kundi O

Ndani ya angkot, daladala ya mji wa Malang, Indonesia, muuguzi Bu, yaani Mama, Sulastri alikuwa akimsuta Mas Bagas, mwandishi wa skima, kanuni za kompyuta inayokagua fomu za damu hospitalini kwao.

"Mgonjwa kundi O, mfuko kundi B, skima yako ikasema sahihi! Nisingesoma mfuko mwenyewe, tungemzika."

"Makundi yote mawili yamo kwenye orodha, Bu. Skima inakagua kila nafasi ya fomu peke yake."

"Kadhi gani huyo, amkague bwana harusi, amkague bibi harusi, asiulize kama ni ndugu?"

Abiria tulicheka, hata mimi niliyekuwa namhurumia Bagas.

"Kuandika kanuni ya kulinganisha mgonjwa na mfuko kutachukua wiki mbili," Bagas akasema.

"Leo mchana tunawaongezea damu watu sita!"

Angkot ikasimama hospitalini. Muuguzi akashuka. "Njoo basi, ukalinganishe kwa macho yako."

Bagas alitazama viatu vyake, asinyanyuke.