Vichupa Arobaini, Kondoo Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama ambaye hakumwamini mtu. Nakiri mapema: nikiambiwa marehemu alipendwa na wote, machale hunicheza. Huyu hakupendwa na wote. Wafugaji walimwita Bi Rudia, maana neno lake lilikuwa hilo hilo: rudia.

Alikuwa fundi wa maabara ya mifugo. Alipima vinasaba vya bakteria wanaoozesha kwato za kondoo. Unapitisha kijiti cha pamba katikati ya kwato, unakitia kwenye kichupa. Kipimo kinakwambia bakteria wapo au hawapo, hata kabla kondoo hajaanza kuchechemea. Bila cheti chake, kondoo hauzwi.

Siku moja mdogo wake wa kiume, mfugaji, alimletea vichupa arobaini vya kondoo wake arobaini. Wanunuzi walikuwa wanasubiri. Majibu yakatoka: vyote safi. Vyote arobaini! Mwingine angempongeza ndugu yake. Bi Rudia alikunja uso. Akarudia, safari hii akapima vinasaba vya kondoo wenyewe. Wasikilizaji, vichupa arobaini, kondoo mmoja! Bwana yule alikuwa amemkamata kondoo wake mzima kuliko wote, akampitishia vijiti vyote.

Bi Rudia akavaa gumbuti, akaenda zizini, akainua miguu yote, mmoja mmoja. Kondoo kumi na mmoja walikuwa wagonjwa. Akalifunga zizi: asiuzwe kondoo hata mmoja.

"Dada, unanimaliza!"

"Wewe ungewamaliza wenzako."

Juzi nilimtembelea huyo mdogo wake. Akaniambia alimheshimu sana dada yake. Haikuniingia akilini. Nikamuuliza, tangu lini? Akacheka kidogo, kisha akainama.

"Miaka miwili sikumsemesha. Kondoo wakapona. Tangu hapo kila mwaka nampelekea sampuli za kweli, na kila mwaka anakuja kuinua miguu upya. Miaka tisa, ndugu mtangazaji! Mwezi uliopita nilimkuta kitandani. Akasema, 'Weka hapo, nakuamini.' Nilitoka nje nikalia. Nilijua dada yangu anaondoka."

Hapo nilimwamini.

Poleni sana wanawe, poleni wafugaji, na pole sana wewe mdogo wake. Nawe unayesikiliza, kama nyumbani kuna mtu anayekukagua kila kukicha, usimnunie. Siku akiacha, ndipo uogope.