Balaraba Angepona

Nilibanwa katikati ya kiti cha bajaji, tukielekea soko la Sabon Gari, Kano. Kulia kwangu mama mmoja mnene, kushoto binti mwenye kitabu. Hawakujuana, lakini walizungumza juu ya magoti yangu kana kwamba mimi ni furushi.

"Hajiya, hivi kweli Balaraba ndiyo kafa kwa uzazi?" binti alilalamika. "Angepona ingekuwaje?"

"Weee! Akipona, mdogo wake Ladidi haolewi na shemeji yake. Dada wawili kwa mume mmoja? Haramu!"

"Basi Ladidi apewe yule daktari!"

"Na masanduku ya nguo za harusi aliyoletewa na shemeji?"

"Asirudishe hata kanga moja!"

Wakacheka mpaka dereva akageuka nyuma, jambo ambalo pale Kano si la kutamani.

"Na mama mkwe wa Balaraba aliyekenua meno msibani?" mama akauliza.

"Sasa msiba hakuna, akenue wapi? Afe yeye!"

Mama akapiga paja kwa furaha. Paja lilikuwa langu. Nikatazama barabarani.

"Si nyuma ya kitabu kuna namba ya mwandishi kama kawaida?" akasema. "Mpigie! Sehemu ya tatu amfufue, la sivyo sinunui."

Binti akabonyeza namba huku akicheka. Bajaji ikasimama sokoni, na mkobani mwangu simu ikaanza kulia.

"Dada, simu yako hiyo," mama akaniambia kwa upole. "Pokea, huenda kuna mgonjwa."