Mkuki Usiwe na Mwenyewe

Sogeeni, wanangu. Kambale, funga mlango, na redio iacheni iimbe ili walio nje wasisikie yanayosemwa humu. Nisikilizeni wewe Kambale, wewe Florent, nawe Kaswera, na wewe mama yao niliyekuchosha na ugonjwa wangu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu, na ninaogopa. Mmekua mkidhani baba yenu haogopi kitu. Leo naogopa hata chakula kikiletwa na mkono nisioufahamu.

Mnakijua kilima chetu cha Kavuyiro, kule Lubero, ingawa Kaswera alikitoka akiwa mgongoni. Babu yenu alilima pale, na baba yake kabla yake, na makaburi yao yako upande wa mto. Hakuna ofisi iliyotupa kilima kile. Tulikuwapo kabla ofisi haijajengwa. Kisha kampuni ikaja kutafuta dhahabu, ikaikuta chini ya maharage yetu, ikasema ina karatasi kutoka Kinshasa. Karatasi hiyo sijawahi kuonyeshwa. Tangu tukimbilie hapa Goma nimepanda ngazi za ofisi ya ardhi kuiulizia, na kila mkubwa aliyekaa katika kiti kile aliniambia nirudi lundi, Jumatatu ijayo. Mmoja alinicheka: "Muzee, wewe hauchokake?" Nikamwambia, "Nachoka, patron, lakini lundi nayo haichokake kuja." Tukacheka wote wawili. Simchukii, pengine naye alikuwa akimwogopa mtu wa juu yake. Sasa wale waliokuwa wakinirudisha wameondoka, na waliokaa mahali pao sijui wanamsikiliza nani.

Sikilizeni, basi, neno lenyewe. Desturi yetu mnaijua: mwenye ardhi akifa, siku ya kuondoa matanga mzee wa ukoo huuchukua mkuki wake, humwita mtoto mmoja mbele ya watu wote, humshikisha, na tangu saa hiyo kilima kina mdomo mmoja. Akikubali yeye, wote tumekubali. Akikataa, wote tumekataa. Waliotutangulia waliipanga hivyo ili ndugu wasigombane, na kwa miaka yao ilitosha.

Siku ya matanga ya babu yenu, mkuki ulishikwa na kaka yangu mkubwa Kasereka. Kampuni ilituma wageni wawili na magunia ya mchele. Tukawapa viti vya mbele, tukawamiminia kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mmoja wao akauliza kwa upole kabisa, "Yule papa aliyeshika mkuki ndiye nani?" Shangazi yetu, kwa furaha ya siku ile, akawatajia jina lake, na jina la mke wake, hata njia anayopita akienda sokoni. Nani angemlaumu? Mgeni amekula kwako, ameuliza, utamnyimaje jibu?

Walimjia kwanza na ahadi, akakataa. Wakamjia na vitisho, akakataa tena. Siku moja ya soko hakurudi, tukamkuta mtoni, na waliokuja kuandika wakaandika kwamba ni ulevi. Kasereka hakuwa mnywaji. Kazi yake ilikuwa kuwamiminia wengine. Ulikuwa mkono wa nani, sijui, na msitaje jina msilokuwa na hakika nalo. Ninachojua ni kwamba tuliwaonyesha sisi wenyewe shingo ya kukata.

Kwa hiyo sitaji mrithi. Kambale, usiinamishe kichwa. Wewe ndiye mkubwa, na mkuki ungeushika vizuri. Ndiyo sababu sikupi. Nataka uzeeke. Florent, watu wameniambia wamekuona mtaani Birere ukila na mtu wa kampuni. Sikuulizi. Kama uliahidi kitu, uliahidi kisicho chako peke yako, na tangu leo unaweza kuwaambia hivyo bila kusema uongo. Kaswera, juzi ulinitania, "Papa, miye mwanamuke, mutanirithisha masufuria?" Kilima ni chako sawasawa na kaka zako. Wazee wa ukoo watapiga kelele; waacheni wapige. Mkiulizwa nani mwenye Kavuyiro, semeni ni sisi sote, na mmoja wenu asipokuwapo msiuze, msikodishe, msitie kidole katika wino.

Msidhani sikuliona na hili: pengine badala ya shingo moja nimewapa tatu. Nimelipima nikiwa nimelala hapa, nikaligeuza huku na huku, na moyo wangu haujatulia. Ila sikupata lingine.

Mkuki wenyewe, ulionifikia Kasereka alipokufa, tukakimbia nao, umo ndani ya godoro hili. Mama yenu anajua. Nikifa, uwekeni chini ya mgongo wangu, na jeneza lipigiliwe misumari kabla wazee wa ukoo hawajafika. Msinipeleke nyumbani. Nilitamani kulala upande wa mto, karibu na baba, Mungu anajua nilivyotamani. Lakini njia ile ina vizuizi vingi, na kule watu watakusanyika, na mgeni atakuja na mchele wake. Nizikeni hapahapa, hata mkilazimika kuvunja mawe ya volkano. Na msilie kwa sauti. Mama, najua ni aibu mume kuzikwa bila kilio. Nililie moyoni kwanza. Watoto wakishatawanyika salama, hapo ulie upendavyo.

Nipe maji. Kidogo... basi, yatosha.

Leteni mikono. Desturi ya baraka ni mkono mmoja juu ya wangu. Leo iwekeni yote. Florent, usiurudishe wako. Mungu aliyewalinda baba zangu juu ya kilima kile awalinde na ninyi chini ya mabati haya. Awape watoto. Awape kuogopa kunakomfanya mtu aangalie njia, asiwape kule kunakomfanya amuuze ndugu yake. Mkosane, kama ndugu wanavyokosana, lakini... jioni mle pamoja. Mle...

Macho yananiacha. Huu uliobana kidole changu, ni mkono wa nani?

Hapana. Usiniambie.