Risala ya Wauguzi wa Wodi ya Wanawake Kuhusu Mrija wa Ubavuni

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa hospitali, shikamoo. Lifti imegoma, ukapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa ajili yetu. Karibu sana, pumua kwanza.

TULIKOTOKA

Miaka yote, kila mama aliyepasuliwa tumbo kwa matundu madogo alirudi wodini na mrija ubavuni wa kutoa damu na maji, awe anauhitaji au hauhitaji. Utaratibu ndivyo ulivyosema. "Nesi, tumbo halina neno," walilia, "huu mpira ndio unanitoa roho!" Tukawapa dawa, tukawaambia wajikaze.

Kisha tukaboronga. Siku moja tuliagiza chupa za kukusanyia maji, mirija tukaisahau! Kina mama watatu wakapasuliwa bila mrija. Tuliwachungulia kila nusu saa, roho mkononi. Jioni wakaenda msalani kwa miguu yao. Mabega yaliwauma kidogo kwa ile gesi ya kujazia tumbo, basi. Mmoja akauliza kama kweli tumempasua au tumemlaza tu.

Mkuu wetu wa wodi, tunayemwita Sista, akafungua daftari. Kila mgonjwa, mwenye mrija na asiye nao, alimuuliza maumivu yake ni mangapi kwa kumi. Akalipeleka daftari kwa madaktari. Alichopata ni barua ya onyo, eti anaingilia kazi isiyo yake. Iliuma, lakini hakuacha kuandika.

TULICHOVUNA

Jamani, tumeshinda! Madaktari walilisoma daftari lile, wakapima wenyewe, wakakubali. Leo mrija anawekewa mwenye sababu tu. Mwezi uliopita, kati ya kina mama thelathini, ishirini na sita hawakuwekewa. Kengele za vitandani zimetulia hadi fundi aliitwa kuzikagua.

OMBI LETU

Tuliandika maombi saba, yakiwemo mashuka. Sita tumeyafuta.

Sista anastaafu Ijumaa, na lile onyo bado limo kwenye faili lake. Alitukataza kulitaja, hapo nyuma alipo anatukodolea macho. Mheshimiwa, sahihi iliyo chini ya barua ile ni yako. Hatukulaumu, uliandika ulichoamini siku ile. Tunakuomba uifute leo, mbele yetu, uandike nyingine inayosema alichowafanyia wanawake hawa.

Mungu akuzidishie afya na moyo mwepesi.

Ni sisi, wauguzi kumi na wanne wa Wodi ya Wanawake. Wa kumi na tano, Sista, amekataa kutia sahihi. Anasema wagonjwa wanatembea, kwake inatosha.

Kwetu haitoshi.