Siku Kumi na Tisa Zisizopimwa

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Bibi Maelezo, alizaliwa tarehe 3 Februari 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuguzi, katika chumba cha nyuma ya duka la baba, kati ya majora ya vitambaa, na mama alikuwa akisema kwamba hakulia, alitazama tu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, akahitimu stashahada ya ukutubi mwaka 1990, na tarehe 1 Julai 1991 akaajiriwa katika maktaba ya chuo kikuu, akipanga vitabu, hadi 2012 alipokabidhiwa data za watafiti zilizomo kwenye kompyuta, ahakikishe kila faili lina maelezo ya nani alipima nini, wapi na kwa kifaa gani, ili mgeni atakayelifungua miaka hamsini baadaye asibaki ametoa macho.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, wakajaliwa binti na mwana, na jamani, nyumba ile hata kopo la chumvi lilibandikwa tarehe, shemeji akilalamika kwamba ipo siku atabandikwa na yeye.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na mezani kwake ilibaki kazi moja, vipimo vya mvua vya miaka thelathini na moja, vilivyoandikwa na mpimaji mmoja mzee, ambavyo watafiti walivihitaji ili kujua mto hufurika lini, naye akaapa hafi kabla hajavimaliza. Alituambia kwamba akifumba macho anaiona mvua ikinyesha taratibu kati ya rafu za maktaba, bila kulowesha kitabu hata kimoja, naye anapita humo peku, hana haraka.

Ndipo akakuta sifuri kumi na tisa mfululizo, yaani siku kumi na tisa bila tone, katikati ya msimu wa mvua. Wenzake walimsihi aziache, lakini alikataa katakata, akapanda teksi na maumivu yake hadi kwa yule mzee, akakaa naye kibarazani mchana kutwa, mpaka mzee akasema mwenyewe, huku akilia, kwamba siku hizo alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee, hakupima kitu, akaona haya kuacha nafasi wazi. Dada hakumlaumu. Tarehe 6 Mei 2024, akiwa kitandani, aliziwekea alama zile sifuri, akaeleza kwamba siku hizo hazikupimwa kwa sababu ya msiba, na kazi ikaisha.

Alifariki Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutufagilia, na wafanyakazi wenzake wa maktaba. Tunamshukuru pia mzee mpimaji, aliyekaa pale nyuma, ambaye hadi leo hupima mvua nyumbani kwake, ila tangu Jumamosi hajakigusa kifaa, na ameomba tutangaze kwamba siku hizi za msiba ameziacha wazi daftarini.

Umemaliza, dada yetu, pumzika sasa kwa amani.